Namna ya Kuchagua Mfumo wa Kudhibiti Milango katika Jengo la Biashara

Mwenye jengo anapochoshwa na funguo zinazopotea na daftari la wageni lisilosomeka, jambo la kwanza analofanya kwa kawaida ni kuulizia bei ya mashine ya alama za vidole. Muuzaji huja na kifaa chenye kioo kinachong'aa, huweka kidole, mlio husikika, taa ya kijani huwaka, na mazungumzo yakahamia kwenye idadi na punguzo. Siku ya maonyesho karibu kila kifaa hufanya kazi vizuri. Ubora wa mfumo hujulikana umeme unapokatika katikati ya saa za kazi, king'ora cha moto kinapolia, mfanyakazi anapoondoka kwa ugomvi akiwa bado na kadi mfukoni, au fundi aliyeufunga anapoacha kupokea simu. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya mmiliki, meneja wa jengo au mjumbe wa kamati ya zabuni, unaanza na maswali ya siku hizo mbaya, na kifaa cha ukutani kinachaguliwa baada ya maswali hayo kujibiwa.

Tuchukue mfano wa jengo la kawaida la katikati ya jiji la Dar es Salaam: ghorofa nane, fremu za maduka na tawi la benki chini, ofisi za wapangaji mbalimbali juu, maegesho ya magari chini ya ardhi, lango kuu la mbele, na mlango wa nyuma wa kupitishia mizigo. Aliye Mombasa, Arusha au Nairobi atabadilisha machache tu.

Pita mlango kwa mlango kabla ya kumwita muuzaji

Chukua ramani ya jengo na umchukue mlinzi mkuu wa zamu, mpite pamoja kuanzia maegesho hadi paani, na kwa kila mlango mwandike nani anapita, saa ngapi, na nini kinapaswa kutokea umeme ukikatika. Katika matembezi hayo mlinzi ana manufaa kuliko mchoro wa msanifu majengo, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba mlango wa nyuma huegemezwa kipande cha tofali kila asubuhi wakati katoni za maji zinaposhushwa, na kwamba mafundi wa kampuni za simu hupanda paani kwenye minara yao kwa kutumia ufunguo ambao hakuna anayekumbuka umenakiliwa mara ngapi.

Baada ya matembezi hayo orodha ya milango hupungua. Fremu za maduka zinazofunguka moja kwa moja barabarani ni juu ya wapangaji wenyewe. Benki ina masharti yake ya usalama na haitakubali kuunganishwa na mfumo wa jengo. Kinachobaki ni ukumbi wa mapokezi, mlango wa mizigo, lifti na ngazi zinazotoka kwenye maegesho, milango ya kuingilia kila ghorofa, chumba cha jenereta, chumba cha mitambo ya mawasiliano, na paa. Ofisi za ndani za kila mpangaji zinaweza kuingizwa katika mfumo uleule kwa makubaliano, lakini zisilazimishwe. Mpangaji aliyekwisha kufunga mfumo wake mwaka jana hatafurahi kuambiwa aung'oe.

Kisha tazama mlango wenyewe, maana kufuli la thamani kubwa likifungwa kwenye mlango mbovu ni fedha iliyotupwa. Mlango lazima uwe na mkono wa kuurudisha wenye nguvu ya kuufunga kabisa kila unapoachiwa, pamoja na zile siku upepo wa baharini unapousukuma kutoka upande wa pili. Mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu, au wa kioo na alumini ambao bawaba zake zimelegea, hautagusa kufuli sawasawa, na mfumo utaonyesha kwenye skrini kwamba umefungwa ilhali mtu akiuvuta kidogo tu unafunguka. Ndiyo sababu kila mlango unaodhibitiwa unahitaji kihisi cha hali ya mlango, kile kipande kidogo cha sumaku kinachoutaarifu mfumo kama mlango uko wazi au umefungwa kweli. Kihisi hicho kikiwekwa pamoja na kengele inayolia mlango ukiachwa wazi kwa zaidi ya, tuseme, sekunde 30, kitalinda mlango wa mizigo kuliko kisomaji (kifaa cha ukutani cha kusoma kadi au kidole) cha bei kubwa kinachoangaliana na kipande cha tofali.

Kufuli, umeme na moto

Makufuli ya umeme yako ya namna nyingi, ila swali linalotenganisha yote ni moja: umeme ukikatika, mlango unafunguka au unabaki umefungwa? Kufuli la sumaku, ambalo ndilo linalofungwa sana kwenye milango ya vioo ya mijini, hushikilia mlango kwa nguvu ya umeme tu, na umeme ukiondoka mlango huachia papo hapo. Aina nyingine hufungwa kwenye mwimo na kushika ulimi wa kitasa cha kawaida. Hii hupatikana ya kuachia au ya kubaki imefungwa umeme unapokatika, nawe unachagua wakati wa kununua.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba milango iliyo kwenye njia ya watu kutokea ifungwe kwa kufuli linaloachia, na vyumba vya mitambo, paa na stoo vifungwe kwa kufuli linalobaki limefungwa kwa nje lakini lenye mpini wa kawaida ndani, ili mtu aliye ndani atoke kwa kuuzungusha bila kutegemea umeme, kadi wala kitufe chochote. Milango ya ngazi za dharura isihitaji kadi kwa mtu anayetoka, saa yoyote, kwa sababu yoyote. Mmiliki anayetaka kuzuia wizi kupitia ngazi hizo aweke kengele itakayolia mlango ukisukumwa, na aache njia wazi. Maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija kukagua watauliza jambo hilo, na ni afadhali waulize wao kuliko liulizwe baada ya maafa.

Pembeni mwa kila mlango wa kufuli la sumaku, kwa ndani, pawepo kitufe cha kutokea na kisanduku cha kijani cha dharura. Viwili hivi huonekana kuwa na kazi moja, lakini havifungwi kwa namna moja. Kitufe hutuma ombi kwa kidhibiti, yaani ubongo wa mfumo, nacho kidhibiti huamua kufungua. Kisanduku cha dharura kinapaswa kukata waya wa umeme unaoelekea kwenye kufuli lenyewe, bila kupitia kidhibiti wala programu, ili mlango ufunguke hata kama kompyuta zote zimeganda. Vivyo hivyo king'ora cha moto: kiunganishwe kwa waya na chanzo cha umeme cha makufuli, kikilia umeme wa makufuli ya njia za kutokea ukatike. Fundi akikuambia kwamba programu itapokea taarifa ya moto na kufungua milango yenyewe, mwambie hilo ni nyongeza nzuri, na kwamba waya unahitajika vilevile.

Sasa betri. Hapa ndipo mahesabu madogo yanapookoa mambo makubwa, kwa kuwa katika nukuu nyingi za bei betri huandikwa kwa neno moja tu, «ipo». Kufuli la sumaku linalotangazwa kuhimili kilo 280 hutumia takriban ampea 0.5 kwenye volti 12. Kisomaji na sehemu ya kidhibiti inayohudumia mlango huo vinaweza kutumia ampea 0.25 zaidi. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7, ikigawanywa kwa 0.75, inatoa saa 9 na ushei kwenye karatasi. Mlango ukiwa wa mabawa mawili wenye makufuli mawili, matumizi hufika ampea 1.25 na muda hushuka chini ya saa 6. Ondoa hapo kiasi kikubwa kwa sababu ya umri na joto: betri za aina hii hupimwa kwenye nyuzijoto 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Kisanduku cha betri kilichofichwa juu ya dari isiyo na hewa huko Dar es Salaam mwezi wa Februari ni tanuri. Mwulize muuzaji betri itakaa wapi, nani ataipima na kila baada ya muda gani, na uandike majibu yake kwenye mkataba.

Jengo lenye jenereta halijasalimika na hesabu hiyo. Kati ya umeme kukatika na jenereta kupokea mzigo kuna sekunde kadhaa, na bila betri makufuli yote ya sumaku huachia katika sekunde hizo, jambo ambalo mwizi mwenye subira huligundua mapema kuliko meneja. Kisha umeme unaporudi huja na mshtuko, kwa hiyo vidhibiti viwe na kinga ya mawimbi ya umeme, na kila kufuli lifungiwe diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye nyaya zake. Diodi hiyo ni kipande kidogo cha bei ya chini kabisa, lakini kufuli lisilokuwa nayo hurudisha mpigo wa umeme kila linapozimwa, na taratibu huua relei, yaani swichi ya umeme, ya kidhibiti. Jambo jingine la kutazama fundi akiwa kazini ni lile bamba la chuma linalofungwa kwenye mlango kukutana na sumaku. Linapaswa kucheza kidogo kwenye skrubu yake ya katikati ili lilale sawa juu ya sumaku. Fundi mwenye haraka hulikaza kabisa, na kufuli la kilo 280 likabaki na sehemu tu ya nguvu yake.

Kadi, kidole, uso au simu

Kadi bado ndiyo njia inayofaa majengo mengi ya wapangaji wengi, lakini neno kadi linafunika vitu viwili visivyolingana. Kadi nyeupe nene za masafa ya kilohezi 125, ambazo ndizo za bei nafuu na ndizo zilizojaa sokoni, hazina siri yoyote ndani yake. Hutangaza namba ileile kwa kisomaji chochote kinachozikaribia. Mara nyingi namba hiyo imechapishwa usoni mwa kadi, kwa mfano 0012345678 188,24910. Zidisha 188 kwa 65,536, ongeza 24,910, utapata 12,345,678. Maandishi yale mawili ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili, na hiyo ndiyo inayofungua mlango. Mtu aliyepiga picha kadi ya mhasibu ikiwa inaning'inia shingoni anaweza kuiandika kwenye kadi tupu kwa kifaa kidogo kinachouzwa mtandaoni, na mfumo utaandika kwamba aliyeingia ni mhasibu.

Kadi za megahezi 13.56 ni hatua mbele, ingawa nazo zinatofautiana. MIFARE Classic, iliyoenea duniani kote, ilivunjwa hadharani mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walipoonyesha udhaifu wa usimbaji wake, yaani namna inavyoficha taarifa kwa siri. Haifai kuanzishiwa mfumo mpya. Kadi za MIFARE DESFire za matoleo ya EV2 na EV3, zinazotumia AES, aina ya usimbaji iliyo imara, ndizo ninazoshauri, na kuna nyingine za kiwango hicho kutoka kwa watengenezaji wengine.

Kununua kadi nzuri hakutoshi, hata hivyo. Visomaji vingi, vikifungwa vilivyotoka kiwandani bila kupangwa, husoma tu namba ya utambulisho iliyo wazi juu ya kadi na kuliacha eneo lililosimbwa bila kuguswa, hivyo mteja hulipia kadi ya siri na kupata usalama wa kadi isiyo na siri. Kuna jaribio rahisi. Kikaribishe kisomaji kadi ya benki ya kulipia bila kuchomeka, au kadi nyingine yoyote ngeni ya masafa hayo, na utazame kwenye programu. Mfumo ukionyesha namba ya kadi hiyo na kusema kwamba haijasajiliwa, basi unasoma namba ya wazi tu. Kisomaji kilichopangwa vizuri hakitapata kitu cha kupeleka.

Alama za vidole huvutia kwa sababu hakuna cha kusahau nyumbani wala cha kumwazima mwenzako. Katika ofisi ya watu 20 wanaofanya kazi za mezani hufaa. Katika lango la jengo zima hali hubadilika. Vidole vya fundi ujenzi vilivyolika kwa saruji, vya mfanya usafi anayeshika dawa za kusafishia siku nzima, na vya bibi harusi aliyepakwa hina hadi kwenye ncha, husumbua visomaji, na kila anayekataliwa mara tatu hujenga msururu nyuma yake. Liko pia suala la uwezekano wa kukosea kwa upande wa pili. Kifaa kinachotangazwa kumkubali mgeni mara 1 katika ulinganisho 100,000 kinasikika imara, lakini kikiwa na vidole 500 ndani yake hulinganisha kila mgeni na vyote 500, na uwezekano huo huwa takriban 1 katika 200. Dawa yake ni kumtaka mtu aoneshe kadi kwanza, kisha kidole kilinganishwe na cha mwenye kadi hiyo peke yake. Mpango huo unafaa kwa chumba cha mitambo ya mawasiliano na stoo ya fedha, na ni mzito mno kwa lango la asubuhi.

Utambuzi wa uso umeshuka bei, na watu wameuzoea tangu mahudhurio ya kazini yalipoanza kuandikwa kwa njia hiyo. Usiuweke palipo na jua la kuelekea uso kwa uso na kamera. Tena fikiria wanaopita: katika miji yetu ya pwani wapo wanawake wanaovaa nikabu, na kumtaka mtu ajifunue mbele ya msururu wa watu ukumbini ni kumkosea heshima na kujitafutia mgogoro na mpangaji. Jengo linalochagua njia ya uso liwe na njia ya pili yenye hadhi sawa, yaani kadi, pasipo mtu kuulizwa sababu.

Simu kama ufunguo ni jambo la kuangalia kwa siku za mbele zaidi. Inawafaa wageni wa muda na wapangaji wa ofisi za pamoja, lakini simu huisha chaji, na si kila mfanyakazi wa jengo ana simu ya kutosha kwa kazi hiyo.

Kidhibiti kikae ndani

Hiki ndicho kipengele ninachokiwekea uzito mkubwa kuliko vyote vya kiufundi, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mashine nyingi za bei nafuu ni za kipande kimoja: kisomaji, ubongo na swichi ya kufuli vimo ndani ya boksi moja lililofungwa nje ya mlango. Mtu mwenye bisibisi hulifungua boksi, hugusanisha nyaya mbili, na mlango hufunguka, bila kadi, bila kidole, na pengine bila kumbukumbu yoyote. Kengele ya kuashiria kwamba boksi limeng'olewa husaidia, iwapo kuna mtu wa kuisikia. Kwa mlango wa ndani wa chumba cha mikutano hilo linavumilika. Kwa mlango wowote unaotazama barabara, maegesho au korido ya umma, kisomaji cha nje kiwe kisomaji tu, na kidhibiti kifungwe ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, upande wa ndani wa eneo linalolindwa.

Kati ya kisomaji na kidhibiti kuna waya, na waya huo una lugha. Lugha ya zamani, Wiegand, hupeleka namba bila usimbaji wowote. Mfumo wake wa kawaida wa biti 26 una biti 8 za namba ya eneo na biti 16 za namba ya kadi, na anayepachika kifaa kidogo nyuma ya kisomaji anaweza kuzinasa zote. Lugha mpya ni OSDP, iliyotolewa chini ya Security Industry Association ya Marekani na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha IEC, tume ya viwango vya umeme, mwaka 2020. Hii hupita kwenye waya wa RS-485 (aina ya muunganisho wa kupitishia data), huweza kusimbwa kwa AES, na hukiwezesha kidhibiti kujua kisomaji kimeondolewa ukutani. Kwa jengo jipya omba OSDP yenye njia salama iliyowashwa, kwa kuwa inaweza kuwapo kwenye kifaa na ikaachwa imezimwa. Kwa jengo la zamani lenye nyaya za Wiegand zilizozikwa ukutani, mwombe fundi apime kama nyaya hizo zinaweza kubeba RS-485 kabla ya kukubali gharama ya kuchimba kuta.

Kidhibiti kiwe na uwezo wa kuamua peke yake. Mifumo inayotegemea seva ya mtandaoni ina manufaa yake, hasa kwa mwenye majengo matatu katika miji mitatu, lakini hakikisha orodha ya kadi na ratiba zake zimehifadhiwa ndani ya kidhibiti, ili intaneti ikipotea kutwa nzima watu waendelee kuingia kama kawaida na kumbukumbu zipelekwe baadaye.

Wageni, na adabu ya kushikiana mlango

Vitabu vya usalama vinavyoandikwa kwingine humwagiza mfanyakazi asimruhusu mtu kupita kwa mgongo wake. Kwetu, kijana aliyefungua mlango akamwona mzee nyuma yake atasema shikamoo na kuushika mlango mpaka mzee apite, na hakuna bango la ukutani litakalomfanya ambamize usoni. Afadhali mfumo uikubali tabia hiyo kuliko kupigana nayo. Palipo na umuhimu wa kweli wa kuhesabu kila mtu, weka vizuizi vya mtu mmoja mmoja kwenye ukumbi, vya urefu wa kiuno, pamoja na lango pana la pembeni kwa wenye viti vya magurudumu, wajawazito na mizigo. Palipo na umuhimu mdogo, ridhika na mlinzi mwenye macho, na uweke mkazo kwenye milango ya ghorofa.

Wageni ndio wengi katika jengo la biashara, na mfumo usiowafikiria humrudisha mlinzi kwenye daftari. Utaratibu unaofanya kazi ni mpangaji kumsajili mgeni wake mapema, mgeni akapokea msimbo kwenye simu unaofungua kizuizi cha ukumbi na ghorofa moja tu, kwa saa chache. Asiye na simu ya namna hiyo apewe kadi ya mgeni mapokezini. Ule mtindo wa kushikilia kitambulisho cha mtu mpaka atoke uachwe: vitambulisho hupotea na hubadilishana wenyewe. Lifti nayo iingie kwenye mpango huu, maana kufunga mlango wa ghorofa huku kitufe cha lifti kikibonyezwa na yeyote ni kufanya kazi nusu.

Nani anaona nini

Mfumo wa wapangaji wengi lazima ugawanyike. Ofisa utumishi wa kampuni iliyo ghorofa ya nne aweze kumsajili mfanyakazi wake mpya na kuifuta kadi ya aliyeondoka saa ileile, bila kusubiri meneja wa jengo arudi kutoka likizo, na asiweze kuona hata jina moja la ghorofa ya sita. Jaribu jambo hili mbele ya muuzaji kwa akaunti mbili, kwa sababu kwenye vipeperushi kila programu inaliweza.

Kumbukumbu za kuingia na kutoka ni taarifa binafsi, na vidole na nyuso ni zaidi ya hapo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye mwelekeo huo. Kwa meneja wa jengo maana yake ni kuwa na majibu yaliyoandikwa: taarifa zinakusanywa kwa kazi gani, zinakaa kwenye seva iliyo nchi gani, nani anazifikia, na zinafutwa lini. Kadi iliyovuja hubadilishwa kwa dakika moja. Kidole kilichovuja hakibadilishwi, na kwa maoni yangu sababu hiyo pekee inatosha kutovikusanya vidole vya jengo zima pale ambapo kadi ingetosha.

Zabuni, majaribio na makabidhiano

Unapoomba bei, usiombe «mfumo wa milango 20». Peleka orodha uliyoandika na mlinzi, mlango kwa mlango, pamoja na aina ya kufuli, muda wa betri, na hali unayotaka umeme ukikatika, ili nukuu zinazorudi ziweze kulinganishwa. Vinginevyo aliye nafuu zaidi atakuwa yule aliyesahau vingi. Omba pia gharama ya miaka mitano ikiwemo leseni za programu, kadi za kuongeza, betri na matengenezo. Mfumo wenye vifaa vya bei ya kutupa na leseni ya kila mwaka kwa kila mlango unaweza kukamua kuliko ule ulioonekana ghali.

Kabla ya kusaini kwa jengo zima, funga mlango mmoja, ule wenye shughuli nyingi, uutumie kwa mwezi. Kisha uharibu kwa makusudi mbele ya fundi. Zima umeme wa ukutani na uhesabu muda mpaka kufuli liachie. Chomoa waya wa mtandao na ujaribu kadi. Vunja kisanduku cha kijani kompyuta ikiwa imezimwa. Fungua skrubu za kisomaji na usikilize kama kuna kengele popote. Ingiza karatasi ndefu juu ya mlango wenye kihisi cha mwendo cha kutokea uone kama mtu aliye nje anaweza kukidanganya, maana vingi hudanganyika.

Makabidhiano ndiyo yanayoamua kama mfumo ni wako au ni wa fundi. Upokee nywila ya msimamizi mkuu, na uibadilishe siku hiyohiyo mbele yake. Upokee funguo za usimbaji za kadi, zile namba ndefu zilizoandikwa ndani ya kadi na visomaji, kwa jina la jengo. Asiyekuwa nazo atalazimika kununua kadi kwa mtu mmoja milele, au kubadilisha kadi zote siku akimwacha. Upokee mchoro wa nyaya zilizoandikwa majina pande zote mbili, na nakala rudufu ya kanzidata ambayo imejaribiwa kurejeshwa. Pia watu wawili wa jengo wafundishwe kazi ya kila siku, kwa kuwa mmoja ataacha kazi.

Zuia sehemu ya malipo, kiasi mtakachokubaliana, mpaka kipindi cha uangalizi kiishe, na upange kipindi hicho kivuke mvua za masika, Machi hadi Mei. Visomaji vya nje visivyozibwa vizuri nyuma, mabomba ya nyaya yaliyoachwa wazi kwenye lango la maegesho, na skrubu za chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi, vyote hujionyesha katika miezi hiyo, wakati ambapo fundi bado anakudai na bado anapokea simu.